Diploma Iliyobaki Opala

Kisangani, 12 Novemba 2023

Tonton Édouard,

Nakusalimu wewe na Mama Josée, na wote wanaopita uani kwenu kuomba chumvi. Mimi ni mzima. Malaria ilinishika mwezi wa tisa lakini imeniachilia. Bado ninakaa Mangobo kwa yule mama wa kanisa letu. Chumba ni kidogo, mvua ikinyesha ninasogeza kitanda, lakini majirani ni watu wazuri na kila Jumapili wananiletea lituma ya ndizi bila kuombwa. Ninakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako haipatikani tangu antena ya Opala ilipokufa. Papa Émile amekubali kubeba barua kwenye boti yake. Amesema atafika kwenu kwa siku saba, na wewe unajua siku saba za Papa Émile zina urefu gani.

Habari njema kwanza: nimepita mwaka wa pili. Sikubakiza somo hata moja, hata ile kemia ya uchanganuzi iliyowaliza wavulana. Sasa niko mwaka wa tatu, na ndio wa mwisho, maana siku hizi lisansi, shahada yetu ya kwanza, ni miaka mitatu, si mitano kama wakati wenu. Miaka miwili ya kwanza tulisoma wote pamoja. Sasa kila mmoja anachagua njia yake, na njia ziko tatu: kemia ya viumbe hai, kemia ya viwanda, kemia ya maji na mazingira. Baada ya hapo kuna miezi miwili ya kazi katika maabara, halafu kazi ya mwisho ambayo unaiandika na kuitetea mbele ya walimu. Niambie wewe ungechagua ipi. Ulitufundisha kemia mimi na Arsène kwa majivu na ndimu, kwa hiyo una haki ya kusema.

Kuna jambo moja dogo. Niliandikishwa kwa ile hati ya muda tuliyopewa baada ya mitihani ya Serikali ya kumaliza sekondari, kwa kuwa diploma zilikuwa hazijafika. Sasa wanataka diploma yenyewe, kopi hawaitaki. Bila diploma hupewi maabara wala hutetei kazi yako. Mwisho ni tarehe 31 Mei. Najua ulizichukua shuleni zote mbili, yangu na ya Arsène, zilipofika mwaka jana. Mpe Papa Émile yangu akirudi.

Kuhusu msiba wetu nitaandika siku nyingine. Miezi mitano imepita, na kila nikianza kuandika juu yake naishia kuichana karatasi. Mwambie Mama Josée kwamba ninamuwaza.

Mtoto wako,
Delphine


Opala, 17 Desemba 2023

Binti yangu,

Barua yako ilinifikia tarehe 2 mwezi huu, kwa hiyo siku saba za Émile safari hii zilikuwa ishirini. Sisi tuko, tunamshukuru Mungu. Mihogo ilitoka vizuri, ila nguruwe wa jirani amekula nusu yake, na jirani mwenyewe ananisalimu kwa furaha kama mtu asiyefuga nguruwe. Darasa la sita la sekondari nina wanafunzi arobaini na mmoja na chupa tatu za kioo. Juzi niliwaonyesha asidi na besi kwa maua mekundu ya uani, kama nilivyokuonyesha wewe, na msichana mmoja akaniuliza rangi inajuaje kwamba ile ni ndimu. Nimemwahidi jibu baada ya Noeli.

Niliposoma kwamba umepita, nilisimama katikati ya chumba cha walimu nikaisoma barua tena kwa sauti. Mama yako Priscille, dada yangu, angekuwa hai angecheza mpaka sokoni. Alipokuacha mikononi mwangu ulikuwa na miaka sita, nami sikujua nitakufikisha wapi. Umefika mahali ambapo mimi mwenyewe sikufika. Niliacha kemia mwaka wa pili, Juni 2000, mabomu yalipoiangukia Kisangani, na sikurudi tena.

Sasa njia. Kemia ya viumbe hai ni nzuri, lakini naogopa utaishia kuwaoshea madaktari vioo. Kemia ya viwanda inataka viwanda, na vilivyobaki Kisangani unavihesabu kwa vidole. Arsène angechukua hiyo, bila shaka, kwa ubishi tu. Kemia ya maji, hapo nasimama upande wako. Tumezungukwa na maji kila upande na bado kila mwaka tunazika watoto kwa kuhara. Chukua maji. Lakini usidharau fizikia kama nilivyofanya mimi, na daftari la maabara uandike siku ile ile, usingoje kesho, kwa sababu kesho utaandika unavyotamani badala ya ulivyoona.

Mama Josée anaendelea kidogo kidogo. Kila Jumamosi anakwenda kaburini na ufagio. Wageni wakija anawaeleza tena jinsi tulivyomzika Arsène: lile shati jeupe alilojinunulia kwa ajili ya siku yake ya kwanza ya chuo, na diploma yake kifuani. “Mutoto wangu hakuenda mikono bule,” anasema. Akishasema hivyo anatulia, anaweza hata kula. Siku asiposema, hali wala halali.

Kuhusu ile karatasi yako, nimesikia.

Tonton wako,
Édouard


Kisangani, 28 Januari 2024

Tonton,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Mama Josée, ingawa Januari inakwisha. Nguruwe wa jirani amenichekesha mpaka mama mwenye nyumba akauliza kuna nini. Yeye amepata mjukuu, na tumechuma majani ya mihogo tukapika pondu ya kutosha mtaa mzima.

Nimechagua maji. Wiki iliyopita tulipita katika visima vya Mangobo, tukachota chupa kumi na mbili, tukazipima. Kisima kibaya kuliko vyote ni kile ninachochotea mimi maji ya kunywa. Sasa ninachemsha. Niliandika yote siku ile ile, kama ulivyosema.

Lakini Tonton, njia tatu umeziandikia nusu ukurasa, na diploma yangu umeipa maneno matano. Papa Émile ameniletea samaki wakavu na kwanga mbili za mihogo. Bahasha hakuna. Nilimpekua mpaka akakasirika. Nilikwenda ofisini kwa Mama Viviane, katibu wa idara yetu, nikamwomba anipokelee kopi kwa muda. Akaniambia, “Mutoto, kopi hatutaki. Leta original. Bila ile, hakuna maabara, hakuna défense, bon, tutakuona mwaka kesho.” Si mtu mbaya. Anasema hivyo kwa kila mtu.

Nadhani najua kwa nini huileti. Umenikasirikia kwa sababu sikuja kwenye matanga. Basi acha niseme mwenyewe, usije ukaambiwa na wengine. Niliwaambia boti ilijaa. Haikujaa. Papa Émile aliniwekea nafasi, akaningoja bandarini asubuhi nzima. Nilikuwa na mtihani wa vitendo kesho yake, nikabaki.

Mitihani ya Serikali tulifaulu sote wawili. Uwezo ulikuwa wa kumsomesha mmoja, ukanichagua mimi kwa sababu alama zangu zilikuwa juu. Arsène alikuwa mtoto wako wa kuzaa, na hata hivyo alisema sawa, atangoja mpaka nimalize. Akangojea kwenye boti za watu, akipakia magunia, mpaka kisiki cha mto Lomami kikaipasua ile boti mchana kweupe. Na mimi sikuacha mtihani mmoja kwa ajili yake. Nilipata kumi na saba juu ya ishirini. Nilipoiona alama ile nilijichukia, na mpaka leo najichukia.

Kama ni hasira, nipige, nitukane, lakini diploma nitumie. Nikiikosa, atakuwa aliningoja bure.

Delphine


Opala, 22 Februari 2024

Binti yangu,

Salamu. Tuko wazima. Mvua ni nyingi, paa la shule limevuja juu ya ubao na nimefundisha wiki mbili nikiandika ukutani.

Sina hasira na wewe. Sentensi hiyo isome mara mbili. Boti ijae isijae, Arsène alikuwa amekwisha kuwekwa chini. Tulimpata siku ya pili, na joto halikuturuhusu kungoja mtu yeyote. Ungefika, ungelia pamoja nasi, ungerudi umepoteza mwaka, na ningekuwa nimeharibu watoto wawili badala ya mmoja. Mimi ndiye niliyepanga nani atangulie. Huo mzigo ni wangu, usiubebe.

Kuhusu diploma: mchwa wameila. Nimefungua sanduku la bati nikakuta vumbi. Niliona aibu kukuambia. Ulizia namna ya kupata nyingine.

Mama Josée anakusalimu.

Édouard


Kisangani, 17 Machi 2024

Tonton,

Nawasalimu wote wawili. Ile sentensi yako nimeisoma mara mbili kama ulivyoagiza, halafu mara ya tatu kwa hiari yangu. Asante. Sikujua kwamba ninaihitaji hivyo.

Diploma nyingine nimeiulizia. Ombi linakwenda Kinshasa, na kuna watu hapa wanaongoja yao tangu mwaka juzi. Kwa vyovyote haitafika kabla ya Mei.

Sasa tuongee habari ya mchwa. Tonton, hujui kuongopa, na umri wa kujifunza umekwisha kukupita. Kila karatasi yenye maana nyumbani kwetu unaifunga katika plastiki nyeusi, safu mbili, unayeyusha kingo kwa mshumaa na kuzikandamiza kwa kitako cha kikombe. Ndivyo unavyofanya tangu zamani kwa sababu ya mchwa na unyevu, na watu wote wa Opala wanakuja kufungiwa karatasi zao kwako. Hati ya ubatizo wa mama yangu iko hivyo tangu kabla sijazaliwa, na haina hata doa. Diploma zetu mbili ulizifunga nilipokuja likizo, Arsène akishika plastiki na mimi nikishika mshumaa. Kidole changu cha shahada bado kina alama ya nta. Mchwa hawaingii mle. Wewe ndiye uliyetuambia hawaingii.

Pakiti zilikuwa mbili, ukubwa mmoja, nyeusi zote, na hakuna jina juu. Nikakumbuka kwamba moja uliiweka kifuani mwa Arsène, nanyi mlikuwa mnafanya haraka. Kama ya pili ingekuwa yangu, ungekuwa umekwisha kunitumia.

Tonton, uliweka ipi?

Delphine


Opala, 7 Aprili 2024

Delphine,

Yako.

Niliandika neno hilo jana nikaliacha mezani siku nzima. Leo nimeona nikutendee haki niendelee.

Walimtoa mtoni saa nne asubuhi. Saa nane ilibidi awe ameshazikwa, hali yake ilikuwa hiyo. Watu walikuwa wamesimama na kifuniko cha jeneza mikononi. Mama Josée akaleta lile shati. Nami nikaona siwezi kumwacha aende bila kitu kutoka kwangu. Nilimwahidi chuo nikamwambia ngoja, akangoja, sasa nilikuwa na nini cha kumpa? Nikakimbia ndani, nikafungua sanduku, nikachukua pakiti ya juu. Nilikuwa na hakika ya juu ni yake. Niliiweka kifuani kwa mkono wangu mwenyewe, na watu wakalia, na mimi nikajisikia kwamba nimefanya jambo moja sawa siku ile.

Baada ya mwezi nilitamani kuiona yako, kuishika tu, kwa sababu wewe ndiye niliyebaki naye. Nikakata plastiki. Nikasoma jina la Arsène. Nilikaa chini sakafuni mpaka Mama Josée akaniita kula. Mwalimu wa kemia ambaye haandiki jina juu ya chupa! Wanafunzi wangu nawapa sifuri kwa kosa hilo.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu ya Mama Josée. Hana kingine kinachomtuliza isipokuwa kwamba mtoto hakuenda mikono bule. Nikimwambia ukweli, ninamzika Arsène mara ya pili mbele ya macho yake. Kila barua yako ilipofika nilijiambia nitaandika kesho.

Na kuna jambo linalonitesa kuliko yote: najua haijaoza. Plastiki ile, katika udongo mzito wa hapa, itakaa kuliko umri wangu. Diploma yako iko pale chini, kavu, nzima, na jina lako juu yake. Mara mbili nimekwenda na koleo. Mara mbili nimerudi, nikisema kwa majirani kwamba nilikwenda kusafisha mfereji.

Diploma ni yako, sema neno. Ukisema nifungue, nitafungua, niweke yake mahali pa yako, na Mama Josée hatajua. Ukisema niache, nitaacha. Nitangoja jibu mpaka tarehe 15 Mei, kwa maana nikichelewa zaidi boti haitafika kwako kabla ya mwisho wa mwezi. Usipojibu nitaelewa kwamba unataka lakini huwezi kulitamka, na nitafanya bila wewe kulitamka.

Nisamehe. Ukishindwa, nitaelewa pia.

Tonton wako


Kisangani, 25 Aprili 2024

Tonton mpenzi,

Jibu ni hapana. Nimeliweka mbele ya salamu ili usilitafute.

Sasa nakusalimu, na Mama Josée pia. Barua yako ilinifikia jana. Sitakuficha, kwanza nilipandwa na hasira. Nilikuita majina ambayo sitayaandika. Niliwaza wenzangu ambao wamekwisha kupewa makoti meupe ya maabara, niliwaza zile chupa kumi na mbili zangu ambazo mtu mwingine atazimalizia. Nilikwenda nikakaa kando ya mto Tshopo mpaka mchana. Halafu nikakuona wewe, Tonton, umepiga magoti ndani ya shimo, ukiingiza mkono kifuani kwake. Nikasema hapana, lolote lakini si hilo.

Usimfungue. Arsène aliningoja miaka miwili bila kunung'unika, na mimi nitaingoja diploma ya Kinshasa, iwe mwaka, iwe zaidi. Ombi nimekwisha kulijaza, Mama Viviane amenionyesha namna. Na yangu iache ikae naye. Sisi tulisoma kwa kitabu kimoja miaka sita, tukigombania nani afungue ukurasa. Akiwa na yangu, basi nami nilikuwepo siku ile ya kuzikwa kwake. Unaona? Tangu nilipofikiri hivyo nimepata usingizi kidogo.

Mama Josée usimwambie kitu. Hajakosea, mtoto hakwenda mikono mitupu. Ya Arsène ifunge tena, uiweke sandukuni.

Ningempa barua hii mtu wa pikipiki, lakini mvua imekata barabara. Ninampa Papa Émile leo hii, na ameapa mbele ya watu kwamba itakuwa mikononi mwako kwa siku kumi.

Mtoto wako anayekupenda,
Delphine


Opala, 18 Mei 2024

Binti yangu,

Sikupata jibu. Nilikwenda bandarini Jumatatu, Jumanne na Jumatano, na Jumatano ilikuwa tarehe 15. Nikafanya nilivyokuandikia.

Juzi, Mama Josée alipokwenda shambani, nilimchukua Yakubu, yule anayechimba makaburi. “Papa mwalimu, tufanye mbio,” alikuwa akisema, “hii kazi haiko muzuri.” Sitakueleza niliyoyaona. Ni baba tu anayepaswa kuyaona, au hata baba hapaswi. Pakiti ilikuwa nzima. Nimeweka yake. Nilimwomba msamaha kwa sauti, na Yakubu akageuza uso. Yako imo ndani ya mfuko huu. Nimeipangusa lakini sikuikata, uikate mwenyewe.

Nilitegemea mvua isawazishe udongo tuliouchimba kabla ya leo. Haikunyesha. Leo ni Jumamosi, na Mama Josée amekwenda na ufagio wake.

Aliporudi aliusimamisha ufagio ukutani, akaniuliza, “Édouard, uliamusha mutoto wangu?” Nikamweleza yote tangu mwanzo. Akasikiliza mpaka mwisho. “Juu ya karatasi?” Nikasema ndiyo. “Na wakati wote ule, ile yake hakukuwa nayo?” Nikasema hapana, mpaka juzi hakuwa nayo. Akakaa kwenye kiti cha Arsène, na mpaka sasa ninapoandika yuko hapo.

20 Mei. Émile amefika leo na barua yako ya Aprili. Mashini ya boti ilikufa Isangi, wakakaa karibu wiki tatu wakingoja kipande. Nimeisoma nimesimama pale pale bandarini. Niliposoma mstari wa kwanza, watu waliniketisha juu ya magunia.

Mama Josée anapanda boti hii hii kesho. Anakwenda kwa kaka zake Yanonge. Hakusema ni kwa muda gani, nami sikuthubutu kuuliza. Nitambebea mzigo mpaka majini.

Peleka diploma kabla ya tarehe 31. Nakusihi. Sina kingine cha kukuomba.

Édouard


Kisangani, 30 Mei 2024

Tonton,

Nakusalimu peke yako, kwa kuwa uko peke yako. Kula. Jirani na nguruwe wake akikualika, nenda.

Papa Émile alifika juzi. Kabla ya kunipa mfuko aliniambia, “Mama alikaa kule mbele ya boti tangu Opala mpaka Yanonge. Hata mayi ya kunywa hakuomba.” Yeye mwenyewe alikuwa akilia, anasema ile mashini ataiuza. Nimemwambia si kosa lake. Jumamosi nitakwenda Yanonge. Huenda Mama Josée akanifukuza. Nitakwenda hata hivyo, nikakae nje ya mlango mpaka achoke kuniona.

Nilikata plastiki kwa wembe. Karatasi ni kavu, hata kona haikupinda. Nilikuwa naomba iwe imeoza, Tonton. Mungu anisamehe, niliomba hivyo nikiwa na wembe mkononi.

Jana nilifika ofisini kabla hawajafungua. Mama Viviane alilisoma jina, akalinganisha namba na ile ya fomu yangu, akapiga muhuri juu ya kopi. Kisha akanirudishia diploma.

Nikamwuliza, “Mama, hamubaki nayo?”

“Hapana, iko yako. Sisi tulitaka tu kuiona. Alors, chunga muzuri, isipotee.”

Haikuchukua dakika moja. Jina langu limeandikwa, Jumatatu naanza maabara, kazi yangu nitaitetea Agosti. Nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi, diploma juu ya magoti, nikalia kama sijawahi kulia tangu mwaka jana. Nililia mpaka mlinzi wa getini akaja akachuchumaa mbele yangu, akaniuliza nani amekufa.

Nikamwambia kaka yangu.

“Pole, dada. Amekufa lini?”

Nikamwambia leo.

Delphine